Mwonjaji wa Majani

Sijamsamehe mama wa kambo, na wanaoniambia nisamehe hawakula nilichokula mimi.

Ilikuwa miaka ile maduka ya Tanga yamebaki na rafu tupu, unga wenyewe ni wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, na mboga ni ile uliyoichuma mwenyewe ufukweni. Mama yangu mzazi angejua jani lipi linaliwa na lipi haliliwi, lakini alikuwa kaburini. Huyu wa kambo alishuka kutoka milima ya Amani. Majani ya kwao aliyajua vizuri. Ya pwani aliyafananisha tu. Siku moja kando ya mikoko akaona mmea umelala chini, majani mapana, mishipa imenyooka toka shinani hadi nchani. Akafurahi mno.

"Hili hata kwetu lipo, linaota mlangoni."

Hata hivyo hakuwa na hakika, na wanawe aliwapenda. Basi akanitumia mimi, kama kawaida yake. Kila jani geni alichemsha konzi moja, akanikalisha mkekani, akanikodolea macho nikila. Alasiri ikifika nami ni mzima, ndipo anawapikia wanawe.

"Wewe si mtoto wa pwani?" alinitania. "Tumbo lako litayajua."

Lile la mikoko liliniwasha ulimi kabla sijameza. Nikameza, maana alikuwa amenisimamia. Nilitapika mpaka nikaona nyota, na yeye akaenda kusugua sufuria kwa mchanga.

"Basi hilo silo," akawaambia wanawe.

Nilivumilia kwa sababu ya baba. Alifanya kazi shamba la mkonge na kurudi nyumbani Ijumaa. Niliamini kabisa kwamba akijua tu, mwanamke yule atarudishwa kwao siku hiyohiyo. Ijumaa hiyo midomo yangu ilikuwa bado imevimba, nami nikajisogeza mbele ili aione.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Akanawa. Mbele yake palikuwa na ugali na bakuli la majani mengine, niliyolishwa mchana. Nikafungua kinywa nimweleze. Yeye alikuwa ameshamgeukia mkewe.

"Huyu ameshaonja?"

"Tangu adhuhuri."

"Na midomo hiyo?"

"Ni ya jani la juzi. Nililitupa."

Baba akanikagua uso, akasema bismillahi, akamega tonge.