Mfinyanzi Aliyekufa Mapema

Nyumbani kwao vitabu vilikuja vikiwa wagonjwa na kuondoka vikiwa wazima, na hakuna kilichokaa zaidi ya wiki mbili. Baba yake alikuwa fundi wa kujalidi, wa kushona vitabu vilivyochakaa na kuvitia majalada mapya. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele chenye dirisha pana la kutazama barabara, na humo binti alijua kusoma kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Ila alijua kwa namna yake. Vitabu alivyovizoea havikuwa na jalada wala mgongo. Vilikuwa mafungu tu, karatasi nane nane zilizokunjwa pamoja, zimefumuliwa uzi, zinasubiri sindano. Alisoma amesimama, bega kwenye fremu ya dirisha, fungu moja mkononi, na fungu likiisha katikati ya sentensi hakungoja mwisho wake. Aliruka, akaendelea na lililofuata. Mtu aliyeanza kitabu cha sheria za ardhi kuanzia ukurasa wa mia mbili, kwa sababu ndio uliokuwa mezani, hawezi kuwa na mazoea ya kudai mwanzo na mwisho wa kila jambo.

Kuandika kwenye kitabu cha mteja ilikuwa marufuku, hata nukta ya penseli. Kwa hiyo alikuwa na daftari, na ndani yake aliandika mashtaka. Msichana wa sura ya pili ameozwa bila kuulizwa, mwandishi ajibu. Mvua imenyesha siku tatu na viatu vya shujaa havijalowa, mwandishi ajibu. Siku mama yake alipoliokota daftari hilo kwenye kapu la nguo chafu, alicheka mpaka akakaa chini, na tangu hapo jina likawa Wakili. Alipofika mwaka wa tatu wa sekondari hata walimu walimwita hivyo, na yeye aliitika kama aliyezaliwa nalo.

Riwaya za fantasia hakuwa na subira nazo. Joka linalozungumza, mlima unaohama usiku: kesi hizo, alisema, hazina ushahidi. Basi mwalimu wa fasihi alipowagawia wanafunzi riwaya, kila mmoja asome na aandike mwitiko wake, alimpa Wakili ile ambayo hakuna aliyeitaka. Alifanya makusudi, na hakuficha. Alisema anataka kuona wakili akikosa pa kushika.

Nakala ya shule ilikuwa moja, na hali yake mbaya. Panya walikuwa wamekula pembe za chini, na namba za kurasa zimekwenda nazo. Ilipelekwa kwa fundi pamoja na vitabu vingine ishirini vya majaribio. Mwalimu Mkuu, mama mwenye miwani ya kamba na maneno machache, alikuwa anatafuta mtu wa kumkabidhi maktaba nzima ya shule, na alitaka kwanza kuona mkono wake. Kwa fundi hiyo ilikuwa kazi ya miaka miwili, na zaidi ya kazi ilikuwa jina. Kwa miaka ishirini na sita hakuna kitabu kilichowahi kurudi kwake kwa kasoro, na jambo hilo alilisema kwa wageni kabla hata hajawakaribisha viti.

Karakana ilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote kwa sababu haikuhitaji kuandikwa: mafungu yaliyolazwa chini ya jiwe hayaguswi. Fundi akishafumua kitabu, huyapanga, huweka jiwe juu, na siku ya kushona huyachukua moja moja kutoka juu bila kuyasoma. Macho yake yapo kwenye uzi. Utaratibu wote wa kitabu umo katika lile rundo. Wakili alikuwa akiivunja sheria hii tangu utotoni, na kwa kuwa alirudisha kila fungu mahali pake, hakuna aliyejua, au baba yake alijua na akanyamaza.

Riwaya ilihusu mji ambao kila mtu huzaliwa na chungu chenye sauti yake. Chungu kikivunjika, mwenyewe hufa. Msichana mmoja anazaliwa bila chungu, anapelekwa kwa mfinyanzi kizee ajifunze kukifinyanga mwenyewe. Wakili alianza kwa kejeli. Katika fungu la kwanza alipata mashtaka sita, katika la tatu mawili. Kufikia la sita alikuwa amesahau daftari.

Alasiri moja aliinua mafungu mawili kwa pamoja, akaenda dirishani, na hapo mama yake akamwita amshikie mlango, maana anaingiza godoro. Aliyaweka haraka, moja moja, kwenye kizingiti cha dirisha. Aliporudi alichukua lililokuwa juu, akasoma. Mfinyanzi, ili kuuokoa mji, anakivunja chungu chake mwenyewe, na anakufa. Wakili aliruka sentensi iliyokatika ukingoni, kama alivyozoea, akachukua la pili. Mfinyanzi ameketi anakunywa uji na kumgombeza msichana kwa kushika udongo vibaya. "Siyo hivyo," anamwambia. "Vidole vifikirie kabla yako." Hakuna anayeshtuka. Kazi inaendelea kama kawaida. Na katika fungu la tisa, msichana anapomaliza chungu chake, ndipo mji unamlilia mfinyanzi na kumzika.

Alisimama pale dirishani mpaka mguu ukafa ganzi, kisha akayarudisha mafungu chini ya jiwe kama alivyoyasoma.

Bibi yake, mama yake baba, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, katika chumba cha nyuma. Alikuwa mtu wa kusahihisha. Alisahihisha namna ya kushika ufagio, namna ya kukamua tambara, namna ya kumsalimia mgeni ambaye humpendi. Baada ya mazishi hakuna aliyezungumza juu yake sana, baba mtu ndiye aliyenyamaza kuliko wote. Lakini kila Wakili alipokamua tambara la kupigia deki alisikia "siyo hivyo" kutoka nyuma ya bega lake, wazi kabisa, na hakuwahi kumwambia mtu.

Mwitiko aliuandika kwa siku moja. Alisema kwamba alikwenda kwenye riwaya hii kuishitaki, na amekosa kosa. Alisema waandishi wengine huwarudisha wafu kwa radi na moshi, lakini huyu anamrudisha kizee kwa bakuli la uji, kwa sababu anajua kwamba wafu hawarudi kututisha, wanarudi kumalizia somo. Na kwamba maombolezo ya kweli hayaanzi siku ya kifo. Yanaanza siku unayoweza kufanya kazi bila kusahihishwa.

Mwalimu wa fasihi aliusoma mara mbili. Alikiri kuwa riwaya hiyo aliisoma chuoni zamani, na kwamba sehemu hiyo haikumkaa kichwani kabisa. Huenda alisoma kwa haraka. Akaamua Wakili ausome mwitiko wake siku ya Ijumaa kwenye kikao cha wazazi, mbele ya Mwalimu Mkuu. Fundi alipopata habari alipiga pasi shati lake la kitani mwenyewe, siku nne kabla.

Jumatano, kitabu kikiwa kimesharudi shuleni na jalada jipya la kijani, jirani yake wa dawati, kijana waliyemwita Mrefu, alikiazima aone kilichomlainisha Wakili. Baada ya vipindi viwili alimgusa kwa kiwiko.

"Wakili, mteja wako kapotea njia. Hebu soma hapa. 'Msichana akanyoosha mkono akainua…' Geuza. '…wa tanuri ukazima.' Kainua nini huyu?"

Wakili alisoma. Akageuza, akarudi nyuma, akageuza tena. Katika mashina ya kurasa uzi ulikuwa umenyooka, mishono imelingana, kazi safi ya baba yake. Akaona godoro, mlango, kizingiti cha dirisha. Akaelewa kwamba mfinyanzi hakurudi. Alikunywa uji akiwa hai, akagombeza akiwa hai, kisha akafa, na hapo ndipo ulipokuwa mwisho wake.

Mrefu hakuwa mjinga. Aliona uso ulivyobadilika, akauliza ni nani mwingine anayejua. Kisha akamwambia asihangaike, maana kitabu hicho hakuna atakayekigusa. Yeye atakaa nacho mpaka muhula uishe, na Ijumaa watu watasikiliza, watapiga makofi, watakwenda kunywa chai. Alisema kwa wema. Wakili alikinyakua, akakitia kwenye mfuko.

Njiani kwenda nyumbani aliupima ushauri ule, na hakuna upande ambao haukuwa na hoja. Baba yake asingejua. Maktaba ingekuja. Na maneno aliyoyaandika aliyaamini, hilo ndilo lililomkera zaidi: aliyaamini bado, hata sasa ambapo kitabu hakisemi hivyo. Lakini alifikiria mtoto mwingine, miaka ijayo, amekifungua kitabu hicho na kusimama mbele ya sentensi iliyokatika, akidhani kosa ni la akili yake. Alipofika kwenye kona ya duka la viatu alikuwa ameshaamua, na hatua zake zilikuwa ndefu.

Fundi alikuwa anakoroga gundi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa: rundo, dirisha, godoro, mafungu mawili. Kisha akafuta mikono, akakipokea kitabu, akapitisha kidole gumba mgongoni mwake kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa.

"Na huo mwitiko wako," alisema, "uliandika nini?"

Hakuwa ameulizwa kabla. Fundi alikuwa amepanga kuusikia Ijumaa pamoja na watu. Wakili aliutoa, akausoma pale pale karibu na chungu cha gundi, tambara na ufagio na yote. Baba yake alikaa juu ya kiti cha kazi. Aliposikia "siyo hivyo" aligeuka akatazama mlango wa chumba cha nyuma, akabaki anautazama. Gundi ikaanza kushika utando juu.

Hatimaye alichukua kisu, akakata uzi wa kitabu kwa mkato mmoja.

"Kitabu nitakirudisha kwenye mstari leo. Hayo uliyoandika siyo kazi yangu kuyafumua. Ijumaa utasoma nini?"

"Nitasoma haya haya, Baba. Na nitasema yametoka wapi."

"Mbele ya Mwalimu Mkuu."

"Mbele yake. Nitasema mimi ndiye niliyevuruga."

"Nani alishona?"

Wakili aliutazama uzi uliokatwa.

"Basi ukisema, sema na hilo. Usinifiche nyuma yako kama mtungi wenye ufa."

Ijumaa ukumbi ulikuwa umejaa mpaka wengine wakakaa kwenye meza za nyuma. Wakili alisoma mpaka neno la mwisho. Makofi yalipoanza aliinua mkono. Akawaambia kwamba kitabu alichokisoma hakipo duniani. Ilikuwepo nakala moja tu, kwa siku kumi na moja, kwa sababu yeye alichanganya mafungu mawili na baba yake akayashona jinsi alivyoyakuta. Mfinyanzi wa kweli anakufa na harudi. Kitabu sasa kimetengenezwa, na atakayekisoma atakuta hadithi nyingine, nzuri, ila siyo hii. "Mwandishi hana kosa," alimalizia. "Mashtaka haya nayaelekeza kwangu. Lakini niliyoyasema juu ya wafu siyafuti."

Kicheko kilipita, kisha kikakatika, kwa sababu Mwalimu Mkuu alikuwa amevua miwani. Alimuuliza fundi kama ndivyo. Fundi alisimama katika shati lake la kitani. Alisema ndivyo, kimetoka mikononi mwake kikiwa kombo, ni cha kwanza katika miaka ishirini na sita, na hivyo vingine ishirini amekwishavipitia upya, ukurasa kwa ukurasa, jana na juzi, anayetaka ahakiki.

Mwalimu Mkuu alisema vitabu vingi vilivyotoka kwa mafundi wengine amevikuta na makosa mwenyewe, baada ya fundi kwenda zake. Hajawahi kuletewa kosa mkononi. Akasema maktaba ianze kuhamishwa Jumatatu, rafu ya kwanza mpaka ya nne, na kwamba kila kitabu kitakachojalidiwa binti atakisoma chote, mwanzo mpaka mwisho, kabla hakijarudi. Mrefu alipiga mluzi kutoka nyuma, akatolewa nje.

Baba na binti walirudi kwa miguu. Jua lilikuwa bado juu, maduka yamefungua milango yote, na fundi alitembea na koti mkononi bila haraka. Walipita mtaa mzima. Kisha akauliza, kama anayeuliza habari za mtu anayemfahamu:

"Yule mfinyanzi. Sasa kwa mpangilio wenyewe, harudi hata kidogo?"

"Harudi, Baba."

"Hata kwa ule uji?"

"Uji alikunywa kabla."

Fundi alitembea hatua kadhaa. Pembeni ya midomo yake palikuwa na kitu ambacho Wakili hakuwa amekiona tangu chumba cha nyuma kifungwe.

"Huyo mwandishi," alisema, "angetuletea sisi kwanza, tumpangie mafungu."