Picha Arobaini za Fundi Inchi

Fundi Inchi alilipata jina lake kihalali. Ni fundi cherehani, na katika miaka ishirini na tatu ya kukata nguo hajawahi kuacha kitambaa cha ziada kwenye mshono wa suruali ya mtu. Mteja akinenepa, shauri yake. Simlaumu sana. Dunia imejaa watu wa kutupa, na mtu wa kutunza anastahili heshima, mradi ajue pa kukomea. Fundi hakujua.

Ana kamera ya zamani aliyoachiwa na baba yake, na hupiga vitu vya kila siku: watoto kwenye beseni, paka aliyelala juu ya pasi iliyopoa. Lakini safari hii alikuwa na jambo zito. Dada zake wawili walikuwa hawajasemeshana kwa miaka tisa kwa sababu ya kabati la vyombo. Mama yao alikuwa amegongomea msumari ukutani na kutangaza kwamba hautatundikwa kitu ila picha ya mabinti hao wakiwa pamoja. Baada ya kubembelezwa miezi mitatu, dada mkubwa alikubali.

"Mara moja tu," alisema. "Na simgusi."

Fundi akaenda kwa Mama Picha, mwenye studio ya jirani.

"Nipe filamu ya rangi ya bei ya chini."

"Ya chini ni hii yenye namba mia mbili. Inataka mwanga, fundi. Ukiingia nayo chumbani utaniletea picha za makaa. Hii ya mia nne inavumilia kivuli. Ile ya juu ni ya maharusi."

"Mimi sioi. Nipe ya mia mbili, watu nitawatoa nje."

Alichagua vizuri. Filamu ya bei nafuu, ikipewa mwanga wa kutosha, haimwaibishi mtu.

Kosa alilifanya nyumbani. Mkanda wa filamu huvutwa mpaka ushike sawasawa kwenye kijiti cha upande wa pili, na kipande hicho cha mwanzo hakipigwi picha. Fundi alikitazama kama anavyotazama kitambaa kinachokaribia kutupwa. Akachomeka ncha isiyozidi ukucha, akafunga kifuniko.

"Nimeokoa picha mbili," alimwambia mkewe.

Dada zake walisimama mbele ya ukuta mweupe, baina yao pengo la kupitisha baiskeli.

"Mwambie huyo asogee, ananitia kivuli," alisema mkubwa.

"Mwambie huyo kivuli ni chake mwenyewe, anacho cha kutosha," alijibu mdogo.

Fundi akapiga sita. Wiki ile akawapiga picha majirani pia. Namba za kamera zikafika thelathini na sita, mwisho wa kawaida wa mkanda, zikapita. Thelathini na nane. Arobaini! Akatangaza mtaa mzima: "Ninyi wa filamu za maharusi mnapata thelathini na sita. Ya rahisi ina baraka!"

Mama Picha aliusafisha mkanda, akauinua dirishani. Ulikuwa mtupu mwanzo hadi mwisho.

"Fundi, filamu hii haijaona jua."

"Nilijua! Rahisi huvunja upishi!"

"Usiisingizie. Ulipokuwa ukisogeza picha, hiki kitufe cha kurudishia mkanda kilikuwa kinazunguka?"

"Kinazunguka? Mimi nilidhani ni urembo."

"Mkanda haukushika. Ulichomeka kiasi gani?"

Fundi akaonyesha ukucha. Mama Picha alicheka mpaka akakaa chini.

Kukiri kwa mama na dada zake kulikuwa kugumu zaidi. Aliwaita wote nyumbani kwa mama, akasema bila kuzunguka, na hilo nampa sifa.

"Yaani nilisimama juani karibu na mtu huyu bure?" aliuliza dada mkubwa.

"Na jua lilivyowaka!" alidakia mdogo.

"Si ndiye aliyenishonea gauni nikashindwa kukaa?"

"Wewe ulishindwa kukaa. Mimi langu nilishindwa kupumua! Akaniambia, 'Dada, pumua kidogo kidogo.'"

Mkubwa akaangua kicheko, akamshika mdogo bega ili asianguke. Mama akamgeukia mwanawe.

"Unangoja nini, mjinga wewe? Piga!"

Kwa bahati alikuwa amekuja na mkanda mwingine, aina ile ile ya mia mbili. Wakatoka nje. Safari hii alivuta kipande cha kutosha, dada wote wawili wakikikodolea macho kitufe.

"Kimezunguka!" walipiga kelele pamoja.

Upatano unaojengwa juu ya kumsema ndugu wa tatu si upatano ninaousifu. Lakini sikuombwa ushauri, na msumari umepata picha yake: mabinti wawili wameegemeana, wanamcheka mpigaji, mdogo amemnyooshea kidole.

Siku hizi Fundi hupoteza picha mbili mwanzoni mwa kila mkanda bila kunung'unika. Suruali zake bado zinabana.