Yuko Ng'ambo

Juzi katika kituo kimoja cha polisi mpakani Busia, upande wa Kenya, mama mmoja kutoka Lunyo, Uganda, aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni, aliegemea kaunta.

"Afande, dada yangu alivuka kuuza vitunguu, hajarudi."

Afande alinyoosha kalamu kuelekea Uganda. "Mama, huyo yuko kwenu."

"Kwetu wamesema yuko hapa. Hata kuhusu jirani yetu walisema hivyo hivyo, maiti yake ikaokotwa kwenye miwa."

Muuaji wa aina hii, nadhani, hatafuti mnyonge. Anatafuta mtu ambaye kila upande utaapa yuko ng'ambo, na sisi wa mpakani tumemwekea soko zima.

Mama alipotoka, mwanamume aliyekuwa nyuma yangu aliacha foleni, akamfuata mlangoni.

"Pole sana, mama," alisema taratibu. "Unarudi peke yako?"