Ndege Asiyekatwa Shingo

Mama yangu mdogo Mwamini anaamia mpunga wa mumewe huko Mzenga, na ndege wale wale anaowafukuza ndio anaowachora. Watu wakisikia wanacheka. Yeye hajali. Asubuhi na mapema anapanda dunguni, kile kichanja cha kulindia shamba, na kombeo lake, kopo la mawe, kalamu ya wino na karatasi. Hashuki mpaka jua linazama, labda kwa haja au kwa swala.

Karatasi nampelekea mimi. Naishi Mkuza, Kibaha, na Mkuza kila kona kuna anayejenga, kwa hiyo mifuko mitupu ya saruji haiishi. Nachana tabaka la ndani, lile safi, nalikung'uta na kulikunja. Msimu huu niliipeleka nikiwa na mwanangu Hajra mgongoni, hajaota hata jino. Mume wangu alikuwa na zamu za usiku kiwandani Zegereni, nikaona bora nikakae na mama mdogo mpaka mavuno.

Ndipo nilipomwona anavyofanya. Ndege akitua hamfukuzi hapo hapo. Anamwacha alishike bua, bua liiname, ang'oe punje. Macho ya mama mdogo hayapepesi. Halafu ndiyo anapiga ukelele, anatikisa kopo, kundi zima linaruka, naye anainamia karatasi kabla hajasahau.

"Mama mdogo, si anakula mpunga huyo?"

"Anakula mshahara wake. Wewe mtu akikuita akupige picha, hata chai asikupe, utakaa?"

Alimaliza la saba hapo hapo Mzenga, hakuchaguliwa kuendelea. Utotoni alichora kwa kijiti kwenye mchanga wa uani, kuku wakapita wakafuta. Alipoolewa na Mwinyimadi, mtu mpole asiye na maneno mengi, ndipo picha zake zilipopata ukuta. Mwinyimadi mwenyewe alipigilia msumari wa kwanza sebuleni, akatundika yangeyange aliyesimama kwenye maji kwa mguu mmoja. Baadaye wakaongezeka tetere, mwewe, mnana anayesuka kiota.

Aliyemsumbua miaka yote ni kweche, kale kandege kanakovaa nyekundu na nyeusi msimu wa mvua. Dume likishamaliza mambo yake nyekundu inalitoka, linabaki la kahawia kama jike lake. Kwa hiyo ukimkosa kabla mpunga haujavunwa, umsubiri mwakani. Mama mdogo aliwahi kumchora, lakini alisema alitoka kama nyanya yenye miguu. Msimu huu alitaka ampate.

Sasa, wifi yake, Bi Mboni, dada mkubwa wa Mwinyimadi, akaja kuandaa hitma ya baba yao. Aliingia sebuleni, akasimama katikati, akazungusha macho ukutani.

"Wifi, hapa tunasoma hitma au tunauza kuku?"

"Karibu wifi. Kaa kwanza, upumzike."

"Nikae wapi, wote hawa wananitazama?"

Sote tuliokulia huku tunajua alichotaka kusema. Madrasa tulifundishwa kwamba chenye roho hakichorwi, na kama kipo tayari, basi kipigwe mstari shingoni kiwe si kizima. Hata paketi za biskuti tulizikata shingo zile sura zake. Wapo wanaolishika sana jambo hilo na wapo wasiolishika. Bi Mboni alilishika.

"Sikwambii uzichome," alisema. "Wapige mstari tu, kila mmoja. Wageni wasije wakasema kwa marehemu kumegeuka."

"Nikimkata shingo amekufa. Mimi sikuchora mizoga."

"Siku ya Kiyama ukiambiwa uwatie roho, utawatia?"

"Nitakayeulizwa ni mimi, wifi. Majibu yangu niachie mwenyewe."

Jioni Mwinyimadi alimfuata jikoni. Alikuwa anasugua kisigino kwa kisigino, kama afanyavyo akitumwa.

"Mwamini, kamstari kadogo tu. Hata hakataonekana."

"Kama hakataonekana kana faida gani?"

"Yaishe."

"Kwako wewe yataisha. Mimi kila nikiingia sebuleni nitaona nimewachinja."

Mwinyimadi akacheka kidogo, akajizuia. "Dada anasema basi wachore wamelala. Kichwa kikiwa ndani ya bawa, shingo haipo, hana la kukata."

"Wanalala hivyo usiku. Mimi nawaona mchana."

Kesho yake tulishinda shambani, kalamu mama mdogo ameisahau nyumbani. Tuliporudi, Bi Mboni alikuwa ameketi mlangoni anachambua mchele, ametulia kabisa. Sebuleni kila ndege alikuwa na mstari wa wino shingoni. Yangeyange, ambaye shingo yake ni ndefu, alipigwa miwili. Mimi ndiye niliyelia. Mama mdogo alipita kutoka picha hadi picha, akazitundua, akazifunga kwenye khanga. Kisha akatoka mlangoni.

"Kalamu yangu umeiweka wapi, wifi?"

"Dirishani."

"Ahsante. Sebule ni ya mdogo wako, sina neno. Lakini jiko ni langu."

Banda lile la jiko kweli ni lake. Fito alikata yeye, udongo alikanyaga yeye, nami nikiwa msichana mdogo nilimchotea maji. Usiku ule aliloweka mbegu za mzingefuri, zile zenye rangi nyekundu, akasaga masizi ya sufuria na mafuta ya nazi. Kulipokucha aliniachia dungu. Nilishinda huko nikipiga makelele, Hajra akishtuka kila nikitikisa kopo, halafu akizoea, halafu akicheka. Mama mdogo alikuja, akamtazama kweche mmoja aliyependa bua la pembeni, akaondoka mbio bila hata kunisalimu, ndege akiwa kichwani mwake. Baadaye akarudi tena. Alikwenda na kurudi mpaka jua likawa utosini.

Nilipofika nyumbani, kweche alikuwa ukutani mwa jiko, mkubwa kuliko mbuzi. Ameshika bua, bua limeinama, mdomo umefunguka. Nyekundu ile ukiiangalia unahisi joto. Kweli safari hii hakuwa nyanya.

Siku ya hitma wanawake wakajaa jikoni kupika pilau. Mwanakheri, jirani mwenye mdomo mwepesi, aliingia na beseni la vitunguu akasimama ghafla.

"He! Huyu naye ametoka wapi? Si atanidonolea vitunguu!"

"Usimwogope," mama mdogo akasema, "leo ameshiba."

Wanawake wakacheka. Bi Mboni hakucheka. Aliinama mafigani, akachukua kipande cha mkaa kilichozimika, akasogea ukutani, akavuta mstari mnene kwenye shingo ya kweche, upande hadi upande. Nilimkumbatia Hajra kama vile ni yeye aliyepigwa.

Mama mdogo alikuwa anaosha mchele. Alikung'uta maji mikononi, akachota udongo kwenye karai lake la kukandikia ukuta, akaupaka juu ya mkaa, akaulainisha kwa kiganja. Akachovya kidole kwenye mzingefuri. Shingo ikarudi.

"Mwanakheri, koroga nyama isishike chini," alisema, akarudi kwenye mchele wake.

Hitma ikasomwa, watu wakala, wakashukuru, wakaondoka. Bi Mboni hakuondoka. Alisema anasubiri mpunga. Kila asubuhi akija kuchukua moto alipiga mstari wake, na mama mdogo kabla ya kwenda shambani aliukandika na kupaka rangi upya. Hawakutukanana. Walisalimiana vizuri, wakala sahani moja. Mwinyimadi akawa anapita mbali na jiko. Majirani wakaanza kuja kuomba chumvi waliyokuwa nayo kwao, ili mradi waone leo kumekuchaje.

Na udongo ukizidi kupakwa pale pale, shingo ya kweche ikaanza kutoka ukutani. Ukipitisha mkono unaigusa, imetuna, ina mabonde yake. Asubuhi moja Bi Mboni alifika na mkaa, akaunyanyua, akasita.

"Wifi, mbona huyu anavimba?"

Mama mdogo alikuwa anamfunga Hajra mgongoni mwangu, maana tulikuwa tunatoka. Hakugeuka.

"Ndivyo alivyo. Kweche dume akitaka kujionyesha anavimba shingo, manyoya yote yanasimama. Mimi nilishindwa kumpata hivyo, wewe umenisaidia."

"Mimi?"

"Wewe, wifi. Ongeza hapo chini kidogo, bado pamelala."

Bi Mboni alimtazama yeye, akamtazama ndege. Kisha akapiga mstari, mrefu kuliko wa siku zote, kwa nguvu mpaka mkaa ukavunjika. Mama mdogo akalivuta karai kwa mguu. Udongo alikuwa ameshaukanda.