Sanduku la Zana na Mstari wa Baba

Juzi nilikuwa bomani Morogoro nikingoja barua yangu. Mwaka huu serikali imetenga fedha za kufundisha maseremala, na kila anayehitimu hupewa sanduku la zana aanze kazi yake mwenyewe. Sharti ni moja: baba yake atie alama kwenye karatasi kwamba sanduku halitauzwa.

Karani, mtu wa pwani kama mimi, akamwita fundi mpya wa Bigwa, mwanamume mwenye ndevu zake. Wazazi wake walisimama nyuma yake, sanduku likiwa miguuni pao.

"Mzee, tia alama hapa."

Baba akaficha mikono mgongoni. "Siwezi, bwana karani. Tumngoje mjomba wake."

"Kwani mwana si wako?"

"Kumzaa nimemzaa. Lakini ni wa ukoo wa mama yake. Nikitia alama mimi, nitaonekana mwizi."

Tukacheka, na mimi nikiwamo. Mara mjomba akaingia, anahema kwa kuteremka mlima. Karani akafuta neno "baba", akaandika "mjomba". Mjomba akatia alama polepole, na baba akatabasamu kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Na sanduku litakaa kwa nani?" karani akauliza.

Fundi, baba na mjomba, wote watatu wakageuka kumtazama mama. Hayupo. Keshajitwika sanduku, ameshika njia ya Bigwa.

Fedha ya serikali imefanya kazi nzuri, sina neno. Ila mwakani itenge na ya wino kidogo, maana karatasi yake bado haina mstari wa mama.