Nyumba Iliyomsahau Mama

Nilipokuwa mtoto wa kulala bado mkekani na nkambo, niliambiwa kwamba nyumba yetu inanijua. Nkambo, bibi yangu mzaa mama, alilisema jambo hilo bila kupandisha sauti, kama mtu anayekuhakikishia kwamba mbwa wa jirani haumi. Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali mabichi, nyasi juu, sakafu ya udongo aliyoipaka upya kila Jumamosi, katika kijiji kando ya barabara itokayo Kolwezi kwenda Nzilo. Aliijenga marehemu babu, na mama yangu alizaliwa humo. Nyufa za kuta zake nilizijua kwa vidole.

Ndani ya nyufa hizo waliishi bimputu. Wengine huwaita papasi. Ni wadudu bapa, wenye rangi ya udongo wenyewe. Mchana hujificha, giza likiingia hutoka na kunyonya damu ya aliyelala, kisha hurudi ukutani kabla hujaanza kujikuna. Asubuhi niliona tone dogo la damu kwenye kitenge, basi, maisha yaliendelea. Hatukuwaua. Nkambo alisema hao ndio macho ya nyumba. Aliyezoea kulala humo wamekwisha kumwonja, wanamjua, wanamwacha na afya yake. Mgeni hawamjui, kwa hiyo nyumba humsalimia, na salamu yake ni homa.

Homa hiyo ilikuja, ikaondoka, ikarudi. Nkambo aliiita hodi. Nyumba hubisha hodi mwilini mwa mgeni, hubisha tena na tena, na mwili ukiitika mpaka mwisho, mgeni amekaribishwa. Mimi nilisalimiwa nilipoletwa kwake baada ya babu kufa, ili asikae peke yake. Nilikuwa bado sijui kusema vizuri, kwa hiyo sikumbuki lolote. Ninachokumbuka ni majivuno. Watoto wa watu walikuja kututembelea wakaugua, na mimi nikawatazama kwa madaha, maana mimi nilikuwa mtoto wa nyumba.

Kulikuwa na desturi. Msichana wa kijiji kile alipoolewa, mama yake alichota udongo chini ya ukuta, pamoja na bimputu wachache waliomo, akaufunga kwenye pembe ya kitenge. Bibi harusi alikwenda kuumwaga nyuma ya kitanda katika nyumba ya mumewe. Hivyo nyumba ya kwao ilimfuata, ikaendelea kumjua, na siku akirudi kujifungua kwa mama yake hakuwa mgeni. Najua unakunja uso. Nikiisimulia sokoni Manika, ninakouza vitenge, wenzangu husogeza viti vyao mbali nami. Lakini wale wanawake walibeba wadudu kwa hiari yao, kama mwingine anavyobeba mbegu za mahindi kutoka shamba la kwao.

Mama yangu aliolewa na dereva wa lori mwenye nyumba ya sima, yaani saruji, mjini Kolwezi, na miaka mingi ikapita bila yeye kulala kijijini hata mara moja. Alikuwa akija asubuhi kuniona, akirudi mchana. Kisha ukafika msimu wa ukavu ambao baba alipelekwa na lori lake kwenye mgodi wa Kisenge kwa muda mrefu, na mama, tumbo likiwa limeshapanda juu, akaja kungojea mtoto kwa mama yake. Niliikimbilia taxi-moto yake, pikipiki iliyomleta, mpaka njia panda. Alikuwa amebeba begi moja na kofia ndogo ya njano aliyokuwa akiifuma, bado ina sindano ndani.

Tulikuwa tunakula bukari, ugali wetu, sote watatu, nkambo alipouliza.

"Ule udongo nilikufungia mu kitenge, ulimwanga mu chumba gani?"

Mama alicheka. Alikuwa na kicheko kirefu, cha mtu asiye na deni na yeyote.

"Mama, nilitupaka mu njia. Mi ningeingiza bidudu mu nyumba ya sima ya bantu?"

Nkambo aliacha tonge mkononi. Hakumkemea. Alimtazama tumboni, si usoni, kisha akasema, "Basi nyumba haikuyue tena. Ukalale kwa muinjilisti, kule kuko sima."

"Mi nilizaliwaka humu, mama. Nikalale kwa bantu juu ya nini?"

Kwa siku kadhaa nkambo alimsihi. Alikwenda mwenyewe kwa mke wa muinjilisti, akamwombea mahali, kitanda kikatandikwa, na mama akaona aibu tupu, akakataa. Ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwahi kuliona: nkambo alichemsha maji akayamwaga kwenye nyufa, ufa mmoja baada ya mwingine, midomo yake ikitikisika. Alikuwa anayapofusha macho ya nyumba yake mwenyewe kwa ajili ya binti yake. Mama alimtania kwamba ameanza kuzeeka vibaya. Halafu akalala mkekani upande wa ukuta, ili mimi nisibanwe na tumbo.

Haikupita muda mrefu. Mchana mmoja mama alikuwa anachagua maharage uani, jua kali, akaniomba nimletee blanketi. Meno yaligongana mpaka nikayasikia kutoka jikoni. Kichwa kilimuuma hata hakuweza kufumbua macho. Tulimpeleka dispensari kwa baiskeli ya jirani. Munganga wa pale, mtu mpole mwenye kazi nyingi, alimgusa shingo akasema ni malaria. Kwetu kila homa ni malaria. Akampa vidonge, na homa ikashuka kweli, mama akaamka na njaa, akaimaliza sehemu kubwa ya kofia yake.

"Unaona?" akamwambia nkambo. "Nyumba yako ilichoka kubisha."

"Ilienda tu," nkambo alisema. "Itarudia."

Ikarudi. Mama alikuwa mzima wiki nzima, akiimba nyimbo za kwaya na kunisuka nywele, halafu ikamkamata tena palepale uani, safari hii na matapishi na macho ya manjano. Munganga yuleyule, jina lileile, sindano badala ya vidonge. Homa ikashuka tena na sindano ikasifiwa. Leo najua kwamba ingeshuka hata kama angechomwa maji matupu, kwa kuwa ndiyo tabia yake: huondoka yenyewe, na dawa yoyote iliyo karibu hupokea shukrani. Nkambo alitaka mama apelekwe hospitali ya mjini. Mama akauliza, aende kule akaseme nini, na yeye ni mzima?

"Na mutoto mu tumbo anasikia hodi," nkambo alisema. "Yeye hana na kinywa ya kuitika."

Nililisikia neno hilo nikiwa nimekaa kati yao. Liliniogopesha kuliko homa yenyewe, na nikaanza kuliwekea tumbo la mama sikio langu kila asubuhi, nikinong'ona, "Karibu, karibu," ili nimwitikie ndugu yangu. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo.

Homa ya tatu ilimleta Banza kabla ya wakati wake. Alizaliwa asubuhi, jogoo wanawika, akalia sauti nyembamba lakini akalia, na nkambo akampa jina la babu. Waliniruhusu nimshike. Alikuwa mdogo sana, na alikuwa wa moto. Mama, akiwa amechoka, alitabasamu akasema watoto wachanga wana joto hivyo. Nkambo alichota maji mtungini. Aliloanisha kitambaa, akakiweka, akakigeuza, akakiloanisha tena, mpaka maji ya mtungi yakaisha.

Banza hakuiona Jumapili. Walimzika nyuma ya nyumba na kofia ya njano kichwani, ikimfunika mpaka kidevuni, kwa kuwa mama aliifuma kwa mtoto wa miezi kamili.

Baba alifika akiwa bado na vumbi jeusi la Kisenge nguoni. Kijijini walikuwa wameanza kunong'ona: kikongwe alisema, na likawa, basi ni mchawi. Baba hakulitamka neno hilo, lakini alifunga vitu vyetu siku hiyohiyo, vya mama na vyangu, tukahamia Kolwezi. Tulipomtembelea nkambo, mama alikaa uani na hakuvuka mlango. Watu walidhani anamwogopa mama yake. Haikuwa hivyo. Nikiwa msichana mkubwa nilimsikia akimwambia mama mmoja wa kanisa, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mutoto alikufa juu mi nilitupaka udongo." Niliposikia hivyo niliingia ndani, nikalia. Kile kicheko chake kirefu sikukisikia tena tangu mazishi, na siku ile ndipo nilipojua kilikwenda wapi.

Nkambo alifariki mimi nikiwa na watoto wangu. Nilikwenda matangani na nikalala mahali pangu pa zamani, mkekani, kwa mapenzi tu. Niliporudi mjini, homa. Nikanywa dawa ya malaria, ikaondoka, ikarudi. Nikiwa kitandani natetemeka nilikumbuka majivuno yangu ya utotoni. Nyumba ilikuwa imenisahau na mimi.

Katika hospitali ya mjini mama mmoja wa maabara alinitoa damu papo hapo nilipokuwa nawaka, akaitazama kwa hadubini, akaniita nitazame. Katikati ya chembe za damu nyuzi nyembamba zilizojisokota zilikuwa zikichezacheza. Akaniuliza, "Ulilalaka wapi?" Hilo ndilo swali ambalo hakuna aliyemuuliza mama.

Vidonge alivyonipa vilikuwa vya kawaida, na homa haikurudi. Mjamzito, alisema, hupewa dawa nyingine, nayo ya kawaida. Nilipomtajia dawa za dispensari ya kijijini, alitikisa kichwa taratibu: ile ya wajawazito ilikuwemo, walikuwa wakiitumia kwa vidonda. Kisha nikamweleza ule udongo wa pembe ya kitenge, nikitegemea acheke. Hakucheka. Alisema mwili unaoumwa na bimputu kila mara, hata wale wa kubebwa na udongo, hujifunza, ukikaa mbali miaka husahau, na wa mwenye mimba huzidi kuwa dhaifu. Kwa hiyo nkambo hakuwa mchawi wala mjinga. Alijua yote, ila si dawa.

Nyuma ya parseli yetu, kiwanja tunachoishi, kuna nyumba kuukuu ya udongo wanamopanga vijana wachimbaji kutoka pande zote za nchi. Ninawaona: mmoja anajikunyata juani na koti, kesho kutwa anarudi shimoni anacheka, baada ya wiki amejikunyata tena. Wananunua dawa ya malaria, wanashukuru. Ninawaambia waende kupimwa damu wakiwa wanawaka, na waseme wanalala wapi. Wananiita mama mkali. Wawili wamekwenda.

Mama ni mzee sasa. Nilikwenda kumweleza nilipopona. Alikuwa amepiga magoti anasugua sakafu yake ya sima, kazi aifanyayo kila asubuhi hata kama ni safi. Nikamwambia ni kidudu, na ugonjwa una jina, homa ya papasi, na nimeuona kwa macho yangu.

"Dawa yake ilikuwako wakati ile?"

"Ilikuwako, mama. Mu ile dispensari yetu."

Alikamua kitambaa. Kisha bila kunitazama akauliza, "Na ule udongo?"

Nilikuwa na jibu la yule mama wa maabara mdomoni, zima, la kweli. Nikalimeza.

"Udongo ni udongo tu, mama."

Aliketi pale pale sakafuni kwenye maji, akalia. Alimlilia Banza kwa jina, kama mama yeyote aliyefiwa, na nilikaa naye mpaka sakafu ikakauka.