Kihispania cha Mama Mkwe

Fundi cherehani alipokwenda kujifunza Kihispania, hakuwa na mapenzi nacho hata chembe. Mwanawe alikuwa amekata tiketi za kuhamia ng'ambo kwa wakwe zake wasemao Kihispania, yeye, mke na mtoto, na huyo mjukuu ndiye pekee aliyemchekesha fundi siku hizi. Alitaka kumwambia mkwewe ana kwa ana kwamba mtoto haendi popote. Maana kosa lote, kwa hesabu yake, lilikuwa la mwanamke huyo. La nani mwingine? Tangu aje, kazi yake kutabasamu na kutikisa kichwa huku mumewe akitafsiri. Na tafsiri gani! Fundi akifoka mpaka pumzi imwishe, kijana anatema maneno matatu, mke anatabasamu.

"Mwanangu amekaliwa na mke," fundi alijiambia. "Ananitilia sukari maneno yangu."

Mwalimu alikuwa mzee aliyestaafu kutembeza watalii, akifundishia chumbani kwake nyuma ya duka la rangi. Fundi alimdharau tangu somo la kwanza.

"Meza ni ya kike," mzee akasema.

"Ya kike kwa lipi? Nani ameifunua?"

"Ndivyo ilivyo, mama."

"Na kitabu?"

"Cha kiume."

"Toba! Mimi nashona suruali na magauni kutwa, cha kike nakijua na cha kiume nakijua. Hao watu hawana kazi za kufanya."

Ilipofika kwenye "kuwa", akataka kuondoka kabisa. Eti kuna neno la kuwa mtu na neno jingine la kuwa umechoka! Lakini akang'ang'ana. Akawa anakanyaga cherehani huku akinung'unika: *casa*, nyumba, *niña*, mtoto wa kike, *abuela*, bibi, *aquí*, hapa. Ulimi ulimgomea kila mara. *Quiero*, nataka, lilimwingia upesi, kwa kuwa kutaka hakukuwa kugeni kwake. Wateja walidhani anaomba dua, naye hakuona sababu ya kuwaeleza.

Jioni moja akawakuta sebuleni wanafunga masanduku. Nguo za mjukuu, zote alizomshonea yeye, zilikuwa zimekunjwa juu ya kiti. Maneno ya Kihispania aliyojipanga nayo yakamruka yote. Akamgeukia mwanawe kama kawaida.

"Mwambie mkeo sitaki mwende. Mwambie namtaka mjukuu wangu hapa."

Kijana akakohoa, akamwambia mkewe, "*Mi mamá está cansada.*"

Fundi akatega sikio. *Cansada*. Amechoka. Hilo ni somo la juzi! Nani kachoka hapa?

Mke akamtazama mama mkwe kwa huruma, akajibu polepole, "*Yo no quiero ir. La niña quiere estar aquí, con su abuela.*"

"Anasema anakushukuru kwa yote," kijana akatafsiri, bila hata kupepesa.

Lo! *No quiero*. Sitaki. *Aquí*. Hapa. *Abuela*, ndiye yeye huyo! Maneno ya somo la watoto, na bado mwanawe wa kumzaa alikuwa akiyatupa njiani. Kumbe mke hakuwahi kumkalia. Akakumbuka mwanawe alivyokuwa akiifunika cherehani kila wageni wake wakija. Mwanamume huyu alikuwa akiionea haya nyumba ya cherehani, na hakuwa na ujasiri wa kulisema hilo, basi akajificha nyuma ya wanawake wawili wasiosikilizana.

Fundi akamsogelea mkwewe.

"*Yo no cansada*," akasema, kila neno likichechemea. "*Yo quiero la niña aquí.*"

Mke akamgeukia mumewe. Akamnyooshea kidole. "*Él dice que la abuela no quiere.*"

*No quiere*. Hataki. Kumbe kijana alimwambia mkewe kwamba bibi hataki wabaki! Hilo nalo halikuhitaji mwalimu.

"Mama, ngoja nikueleze," kijana akaanza.

"Unieleze nini? Nimekutetea mtaa mzima, nikamsema mwenzio, kumbe bwege ni wewe! Muoga mkubwa!" Akachukua nguo za mtoto kitini, akazikumbatia. "Hawa wanabaki. Wewe kama unaionea haya nyumba hii, mlango ule pale."

Kijana akamtazama mkewe, akamtazama mamake, akainama.

"Haya," fundi akasema, akavuta kiti, akaketi karibu na mkwewe. "Mtafsirie mkeo yote niliyosema. Usipunguze hata neno, nakusikiliza."